Karatasi za zamani za Rufiji ya chini, 1:50,000 (mfululizo wa Y742): zinunue, ila mto wenyewe usiuamini

Anayetaka ramani ya Rufiji ya chini, kutoka korongo la Stiegler hadi kwenye mikoko, hana pa kukimbilia zaidi ya karatasi za topografia za 1:50,000, mfululizo wa Y742. Ni za zamani, nyingine zimewazidi umri wanaozitumia, na yapo mambo yaliyochorwa humo ambayo ardhini hayapo tena. Hata hivyo, kwa majina ya maziwa, vijito na vilima, kwa ukingo wa bonde na kwa njia za miguu, zinaipita picha ya setilaiti kwa mbali, maana setilaiti haijui jina la kitu. Kasoro yake kubwa ni moja: kile kinachoonekana wazi kuliko vyote, yaani mto, ndicho cha kutiliwa shaka kuliko vyote.

Tuanze na unachonunua. Kila karatasi inachukua dakika 15 za latitudo na dakika 15 za longitudo. Kwa Rufiji hiyo ni kama kilomita 27.6 kwa kila upande, na juu ya karatasi eneo la ramani linakuwa mraba wa sentimita 55 hivi. Sentimita 2 ni kilomita moja. Namba zake ni rahisi ukishazizoea: nchi imegawanywa katika miraba ya nusu digrii, kila mraba una namba yake, na kila mraba umekatwa vipande vinne. Alama ya mkwaju (/) ikifuatiwa na 1 ni kaskazini magharibi, 2 kaskazini mashariki, 3 kusini magharibi, 4 kusini mashariki. Kwa hiyo usiagize kwa namba kubwa peke yake, utaletewa robo usiyoitaka.

Hapo ndipo Rufiji inapomtia mnunuzi gharama. Latitudo ya digrii 8 kusini ni mpaka wa karatasi, na inapita jirani kabisa na Utete. Mto unatambaa karibu na mstari huo, hivyo anayefuatilia ukingo wa kusini na uwanda wa kaskazini kwa pamoja hujikuta anahitaji karatasi ya juu na ya chini. Kabla ya kulipa, tazama kielelezo kidogo cha karatasi jirani kwenye pambizo, uone eneo lako linaangukia wapi. Karatasi moja ya Rufiji mara nyingi ni nusu ya unachokihitaji.

Pambizo lenyewe lisome kuliko unavyosoma ramani. Msingi wa kazi hii uliwekwa na Directorate of Colonial Surveys ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1946 chini ya Martin Hotine na kubadilishwa jina mwaka 1957 kuwa Directorate of Overseas Surveys, DOS kwa ufupi. Matoleo ya baadaye yana jina la Idara ya Upimaji na Ramani ya Tanzania. Mwaka wa kuchapishwa hauna uzito sana. Mwaka unaoutafuta ni wa picha za anga, maana ramani hizi zilichorwa kwa kufuatisha picha zilizopigwa kutoka ndegeni, na karatasi iliyochapishwa upya inaweza kuwa inatumia picha za miaka mingi nyuma. Barabara ikiongezwa kwa wino mpya juu ya mto wa zamani, unapata ramani yenye tarehe mbili ndani yake, na asiyesoma pambizo hatajua. Tazama pia kama ni toleo la awali lisilo na kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Hayo yalitolewa haraka ili maofisa wapate kitu cha kutumia. Kwa majina na njia yanafaa, kwa miinuko hayana lolote.

Sasa mto. Picha za anga hupigwa mbingu ikiwa safi, na mbingu safi huku ni kiangazi. Rufiji hufurika kati ya Machi na Mei, kisha hunywea hadi Oktoba na Novemba. Kwa hiyo mstari wa buluu unaouona kwa kawaida ni mto ulionywea, wenye mchanga mwingi kati ya kingo, uliochorwa jinsi ulivyokuwa siku rubani alipopita juu yake. Nje ya mistari hiyo miwili ya buluu kuna nafasi nyeupe au ya kijani hafifu ambayo mgeni huiona kama nchi kavu. Wakati wa masika makubwa nafasi hiyo ni maji.

Chukua kipande kimoja cha mto unaopinda ukisome polepole. Kwenye tumbo la ndani la kona kuna nukta nyingi ndogondogo: huo ni mchanga uliolazwa na maji, na ndiko mto unakotoka. Upande wa nje wa kona mstari wa ukingo uko peke yake, hauna nukta: hapo maji yanakula udongo, na ndiko mto unakokwenda. Ukitoka kwenye kona hiyo kuelekea uwandani utaona vipande vya buluu vilivyopinda kama mundu, vingine vimejaa rangi, vingine vimezungushiwa mstari wa kukatika na alama za majani ya kinamasi. Hiyo ni mito ya zamani iliyotelekezwa. Mstari usiokatika maana yake maji yapo mwaka mzima, unaokatika ni ya msimu. Ukiunganisha mimundu hiyo kwa penseli, utapata njia moja mbili ambazo Rufiji ilizipita kabla picha hazijapigwa. Hakuna kitu kingine katika karatasi hizi chenye faida kama hiki, na hakimo kwenye ufunguo wa ramani.

Maziwa ya uwandani, kama Utunge, Ruwe, Zumbi na Mtanza, yasome kwa jicho hilo hilo. Hulishwa na mafuriko kupitia vijito vyembamba, na kijito kikizibwa na mchanga ziwa hupungua hata kama mvua ni nzuri. Ukubwa uliochorwa ni wa siku moja. Kitu cha kutafuta kwenye karatasi ni kijito cha kuingilia: ukijua kilikuwa wapi, ukienda mwenyewe utajua pa kuchungulia.

Kuhusu mkondo mkuu, usiweke kambi, pampu wala nguzo kwa kutegemea mstari wa karatasi. Katika sehemu ya chini, karibu na Mohoro, maji mengi yaliyokuwa yakielekea delta ya kusini yalihamia matawi ya kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1970. Karatasi iliyochorwa kwa picha za kabla ya hapo inaonyesha mto mkubwa mahali ambapo leo ni mkono mdogo, na kinyume chake. Hilo si kosa la mchoraji.

Makazi nayo yana tarehe. Nukta nyeusi zilizotapakaa kwenye kingo zilizoinuka kandokando ya mto ni nyumba, na katika karatasi zenye picha za kabla ya 1968 ni nyingi kupita kiasi ukilinganisha na leo. Mwaka 1968 na 1969 serikali iliwahamisha wakazi wa uwandani kwenda vijiji vilivyopangwa kwenye nchi ya juu, hasa upande wa kaskazini. Watu wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, hasa mlau, kilimo cha kufuata unyevu maji yanapopungua. Kwa wanaotafuta mashamba ya ukoo, makaburi au miembe ya zamani, karatasi ya kabla ya uhamisho ina thamani kuliko yoyote iliyofuata. Ila nukta ni nukta tu: haikuambii kama ni nyumba ya kudumu au dungu la kulindia mpunga. Wala kukosekana kwa nukta chini ya miti mikubwa hakumaanishi hapakuwa na mtu; kamera haikuona chini ya mwembe.

Majina yanahitaji tahadhari kidogo. Mengi ni sahihi, tahajia mara nyingine imepinda, na jina la kitongoji linaweza kuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko kijiji kilichokimeza baadaye. Mipaka ya utawala isahau kabisa. Kibiti sasa ni wilaya yake, na Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Karatasi za kabla ya hapo zinakufikisha kwenye kivuko.

Delta imechorwa vizuri kuliko mtu anavyotarajia. Alama ya mikoko ni wazi, na midomo ya Simba Uranga, Kikunya na Msala inafuatilika. Tatizo ni kwamba pambizo halikuambii picha zilipigwa maji yakiwa yamejaa au yamekupwa, na tofauti ya bamvua inatosha kukigeuza kijito kuwa tope. Kwa kupitisha boti, karatasi hizi hazifai hata kidogo: hazionyeshi kina cha maji. Tumia chati ya bahari na nahodha wa pale pale.

Kwenye miinuko ndipo sifa zake zinapopungua. Karatasi za zamani zina kontua za kila futi 50, ambazo ni mita 15.24; nyingine za baadaye zina za kila mita 20. Kwenye vilima vya Matumbi hiyo inatosha. Kwenye uwanda wa mafuriko haikusaidii chochote, kwa sababu unaweza kutembea kilomita kadhaa bila kuivuka kontua hata moja, huku tofauti ya mita 2 ndiyo inayoamua nani analala pakavu. Anayetaka kupanga kinga ya mafuriko kwa karatasi hizi ajue amepewa rula isiyo na milimita. Na asikimbilie data za miinuko za SRTM, zilizopimwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000, akidhani ameokoka: mikokoni zile zilipima juu ya miti, si ardhi.

Jambo linaloharibu kazi za wengi kuliko yote hayo ni datumu, yaani msingi wa vipimo ambao koordineti zote huhesabiwa kutoka kwake. Y742 imejengwa juu ya Arc 1960, kwa duaradufu ya Clarke 1880, na gridi (miraba ya kilomita moja moja) ni ya mfumo wa UTM, zoni 37 kusini. Simu na GPS za leo hutumia datumu nyingine, WGS84. Ukisoma koordineti kwenye karatasi na kuziingiza kwenye simu bila kubadilisha, utapelekwa kama mita 300 kaskazini ya mahali penyewe na kama mita 90 magharibi. Mita 300 kwenye karatasi ni milimita 6, na kwenye Rufiji ni tofauti ya kuwa ng'ambo hii au ile. Dalili yake ni hii: kila kitu kimehama kwa kiasi kile kile na upande ule ule. Ukiona hivyo usianze kulaumu mto, angalia mpangilio wa kifaa. GPS nyingi za Garmin zina Arc 1960 kwenye orodha ya datumu, ichague na tatizo limekwisha. Programu za simu mara nyingi hazina, hivyo badilisha koordineti kwenye kompyuta kwanza.

Afueni ipo moja. Meridiani (mstari wa longitudo) ya digrii 39 mashariki, ambayo ni mhimili wa zoni 37, inapita hapa hapa Rufiji ya chini. Kwa hiyo kaskazini ya gridi na kaskazini ya kweli zinakaribiana kabisa, na thamani ya mashariki inazunguka kwenye 500,000. Anayetumia dira ana hesabu moja tu ya kufanya, ile ya sumaku, nayo asiichukue kwenye pambizo kama ilivyo kwa sababu sumaku huhama mwaka hadi mwaka. Baadhi ya matoleo ya mwanzo yana gridi ya zamani ya Afrika Mashariki iliyotangulia UTM. Namba zake hazifanani kabisa na za UTM, na kuzilazimisha kunatoa majibu ya ajabu.

Kwa kuingiza karatasi kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, fanya hivi. Skani kwa dpi 400 kwa rangi, kwenye skana ya kupitisha karatasi nzima na si ya kuunganisha vipande vya A4. Kwa dpi 400 pikseli moja ni mita 3.2 ardhini, na faili lisilobanwa litazidi megabaiti 300. Dpi 600 ni kujaza diski tu, kwa sababu mstari wa wino wenye upana wa milimita 0.2 tayari ni mita 10. Weka mfumo wa koordineti EPSG:21037, ambayo ni namba ya Arc 1960 kwa UTM zoni 37 kusini. Bofya makutano ya gridi, si kona za picha, na uandike namba nzima, kwa mfano 480000 na 9120000, si tarakimu mbili kubwa zinazoonekana katikati ya ramani. Pointi 9 zinatosha kama karatasi ni nzuri: kona nne, katikati ya kila upande, na moja katikati ya ramani. Kama imekunjwa, weka 16. Chagua mgeuzo wa polinomia ya daraja la kwanza, kisha tazama mabaki ya kila pointi, yaani umbali kati ya ulipoiweka na programu ilipoipeleka. Yakiwa chini ya pikseli 3, endelea. Pointi moja ikiwa na mabaki makubwa na nyingine zote ziko sawa, umekosea kuandika tarakimu. Zote zikiwa mbaya kiasi, karatasi imejikunja au imevutika.

Wengi hapo hukimbilia mgeuzo wa aina ya «thin plate spline», unaoikunja picha ipite kwenye kila pointi, kwa sababu mabaki yanakuwa sifuri na moyo unatulia. Mabaki ni sifuri kwa kuwa programu imeilazimisha kila pointi ikae mahali ulipoitaja, hata kama uliitaja vibaya. Uitumie baada ya kuhakikisha pointi kwa polinomia, si badala yake.

Ukishapachika, badilisha kwenda WGS84 na uilinganishe na picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo pikseli yake ni mita 10. Vigezo vya kubadilisha Arc 1960 kwenda WGS84 vinavyotumika kwa Kenya na Tanzania kwa pamoja (mita −160, −6, −302) vina shaka ya mita 20 kwa kila mhimili, na juu yake kuna kosa la mchoro na la karatasi. Kwa hiyo mto ukionekana umehama mita 40, usiandike ripoti. Ukihama mita 200, angalia kwanza vitu visivyohama, kama makutano ya barabara za zamani au kilele cha kilima. Hivyo vikikaa sawa, basi mto kweli umehama.

Ubora wa nakala unatofautiana mno. Karatasi halisi iliyochapwa kwa rangi ndiyo ya kununua kila inapopatikana. Nakala za plota zinakubalika mradi zipimwe: weka rula juu ya miraba 20 ya gridi, lazima isome sentimita 40 kwa mlalo na kwa wima. Ikisoma 40 kwa mlalo na 39.6 kwa wima, tayari umepoteza mita 200 katika kilomita 20. Fotokopi nyeusi na nyeupe ikatae hata ukipewa kwa bei ya chai. Katika rangi, kijito cha msimu ni mstari wa buluu unaokatika na njia ya miguu ni mstari mweusi unaokatika. Ondoa rangi, na huwezi tena kujua kama unafuata njia au unashuka kwenye mkondo. Kontua za kahawia nazo huungana na mistari ya vijito. Kwa bonde la mto, nakala ya namna hiyo ni hasara tupu.

Mbadala upo, kila mmoja kwa kazi yake. Karatasi za 1:250,000 zinakupa bonde zima kwa mtazamo mmoja, sentimita moja kwa kilomita 2.5, na kwa kupanga safari zinatosha. Ramani ya Kijerumani ya 1:300,000, iliyochapishwa Berlin na Dietrich Reimer kwa kazi ya Paul Sprigade na Max Moisel, ina majina na njia za misafara ambazo Y742 haina. Anayefuatilia habari za manowari Königsberg, iliyozamishwa na mabaharia wake wenyewe ndani ya delta Julai 1915, aanzie huko. Vipimo vyake usivipachike kwenye GPS. Maeneo mengi yalijazwa kwa kumbukumbu za wasafiri waliopita njia moja. Na kama unataka kujua karatasi ya Y742 iliacha nini, tafuta picha zenyewe: mkusanyiko wa picha za anga za DOS unatunzwa na National Collection of Aerial Photography, Edinburgh. Picha moja nzuri ina maelezo kuliko karatasi nzima, ila inakuhitaji ujue kusoma picha.

Kwa anayeanza na fedha kidogo: nunua karatasi mbili zinazokutana kwenye latitudo 8 karibu na Utete, kisha ya Mohoro, kisha za delta. Za magharibi, kuelekea korongo la Stiegler, waachie watafiti na wanahistoria. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na nyuma ya ukuta wake mto, visiwa vya mchanga na njia zilizochorwa vimo chini ya maji. Kwa walio chini ya bwawa karatasi zinabaki na kazi yake, ila mafuriko ya 2024 yaliyoingia Rufiji na Kibiti yanatosha kumkumbusha mtu asichukue nafasi nyeupe ya uwandani kuwa ni kiwanja.